Kifaransa cha dereva wa masafa: anza kusoma, kuzungumza kutafuata

Msafiri wa Miritini

Assalaam aleikum jamaa. Uzi huu ni wa madereva na utingo wanaotoka bandarini na mzigo wa Kongo au Burundi.

Kwenye yadi za Changamwe na Miritini, kijana akipangiwa Kongo kwa mara ya kwanza huuliza, "Sasa Kifaransa itakuwaje?" Wakubwa humjibu asijali, kule mashariki wote wanaongea Kiswahili. Hilo ni kweli. Ukivuka Mpondwe, mpakani mwa Uganda, ukaingia Kasindi upande wa Kongo, mama wa chai, fundi na hata askari utaelewana nao. Bujumbura mjini pia utaelewana na watu. Shida ni kwamba karatasi haiongei Kiswahili. Kibao, fomu, risiti, muhuri, hati ya kukabidhi mzigo, vyote ni Kifaransa, maana Kongo hiyo ndiyo lugha rasmi ya serikali, na Burundi ofisi nyingi zinaandika kwa lugha hiyo hiyo. Watu hulala mpakani siku kadhaa kwa sababu ya kitu kilichoandikwa ambacho hawakukisoma, wakati mdomo wao haukuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo nasema wazi: kabla hujajifunza "bonjour", jifunze kusoma maneno ya karatasi zako mwenyewe.

Ukisimamishwa na askari wa barabarani (Kongo wanawaita *roulage*, rulaj), utasikia "documents de bord" (dokima de bor). Anataka karatasi zote za gari. *Permis de conduire* (permi de kondwir) ni leseni. Logbuku kule ni *carte rose* (kart roz). Ufaransa kwenyewe ni *carte grise*, kazi ni ile ile. *Assurance* (asirans) ni bima, *contrôle technique* ni inspeksheni, *plaque* ni namba ya gari.

Hapa pana mtego. *Carte jaune* (kart jon) ni vitu viwili. Ni ile bima ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), kadi ya njano, ambayo Kongo na Burundi wanaitambua. Na ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sikiliza ni nani anayeuliza. Kama yuko dirisha lililoandikwa *Hygiène* (ijyen), yaani watu wa afya, anataka chanjo. Kama ni roulage, anataka bima. Ukimpa mmoja kadi ya mwenzake ataandika kwamba huna, na kuifuta sentensi hiyo ni kazi.

Kuhusu hiyo chanjo, shikeni hili kwa mikono miwili. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti cha homa ya manjano ni halali maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Niliwahi kuambiwa dirishani "expiré" (ekspire), kimeisha muda, na nikatajiwa bei ya kingine. Jibu ni "valable à vie" (valabl a vi), halali maisha. Liseme kwa upole, ulirudie, usipandishe sauti.

Utingo wa Jomvu

Shikamoo mzee. Mimi ndiye ninayemsomea dereva vibao, nilitaka kujua vya njiani. Na kushoto kulia, maana nikisikia "drwa drwa" nachanganyikiwa.

Msafiri wa Miritini

Marahaba mwanangu. Hilo la "drwa" ndilo la kwanza kabisa. *Tout droit* (tu drwa) ni moja kwa moja mbele. *À droite* (a drwat) ni kulia. Tofauti ni hiyo t ya mwisho tu, ikisikika kata kulia. Anayekuelekeza akiwa mbali, mwambie aonyeshe kwa mkono. *À gauche* (a gosh) ni kushoto, hiyo haina shida.

Vibao vyenye uzito kwa gari kubwa: *Ralentir* (ralantir), punguza mwendo. *Cédez le passage* (sede le pasaj), mpishe mwenzako. *Route barrée* (rut bare), njia imefungwa, na kwa kawaida utaona *Déviation* (deviasyo) karibu yake, yaani pitia huku kando. *Travaux* ni barabara inatengenezwa. *Sens interdit* (sans anterdi), usiingie upande huu. *Poids lourds* (pwa lur) ni sisi, magari mazito. Ukiona *Interdit aux poids lourds*, kibao hicho kinakusema wewe, usifuate pikapu iliyo mbele. *Hauteur limitée 4,20 m* ni urefu wa juu unaoruhusiwa, na ile alama ya mkato ndiyo nukta yetu: mita nne na sentimita ishirini.

Shimo la barabarani ni *nid-de-poule* (ni de pul) na tuta ni *dos d'âne* (do dan), mgongo wa punda. Watu wa Lamu hawatalisahau hilo.

*Pont-bascule* (po baskil) ni mizani, kama ile yetu ya Mariakani. Ekseli ni *essieu* (esye), na *surcharge* (sirsharj) ni mzigo kupita kiasi. Ukiona surcharge kwenye karatasi ya mizani, uliza namba ya essieu gani kabla hujakubali chochote. Wakati mwingine ni mzigo umesogea nyuma tu, uzito wote uko sawa.

Sasa jambo la upande. Kenya na Uganda tunashika kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi wanashika kulia. Kibao kitakuambia *Serrez à droite* (sere a drwat), bana kulia. Usukani wetu uko kulia, hivyo ukibana kulia dereva huoni kinachokuja mbele unapotaka kuovateki. Utingo ndiye macho yako. Kubalianeni maneno mawili tu kabla ya kuvuka, "bado" na "nenda", msitumie mengine. Na kwenye njia panda isiyo na kibao, sheria yao ni *priorité à droite* (priyorite a drwat): anayetokea kulia kwako apite kwanza, hata akiwa na pikipiki na wewe una trela. Hapa kwetu ukubwa wa gari ndio huamua, na tabia hiyo ukienda nayo kule utaumiza mtu.

Dada wa Kleringi

Asante sana kaka kwa kuanzisha hili. Mimi nakaa ofisini hapa mjini nikishughulika na mizigo ya transiti, na karatasi zikirudi kutoka Kongo mimi ndiye ninayezisoma. Naomba madereva wanisikilize kwenye hati moja tu: *bon de livraison* (bo de livrezo). Ile mnayosaini mzigo ukishashushwa.

Mwenye ghala ataandika kitu kwa kalamu chini kabla ya kukupa. Kama ameandika *reçu conforme* (resi konform) au *reçu en bon état*, amepokea sawasawa, hana neno. Saini uondoke. Lakini akiandika *sous réserve* (su rezerv), anasema amepokea ila hajaridhika, na madai yanaweza kufuata. Tafuta neno linalofuata. *Manquant* (manka) ni pungufu. *Avarié* (avarye) ni kilichoharibika. *Mouillé* (muye) kimelowa. *Déchiré* (deshire) kimepasuka.

Hebu tuchukue mfano. Umepeleka mifuko ya mchele, imehesabiwa, mifuko michache imelowa kwa sababu turubai liliachia njiani. Mwenye ghala ameandika "manquant 12 sacs". Hajaandika mouillé. Maana yake anasema mifuko 12 haikufika kabisa, wakati iko pale pale pembeni imelowa. Ukisaini hapo umekubali kwamba imepotea ikiwa mikononi mwako, na mwenye gari atakukata wewe. Mwambie abadilishe iwe "12 sacs mouillés", halafu piga picha hiyo mifuko na hiyo karatasi katika picha moja.

Pia mtaambiwa muandike kwa mkono wenu *lu et approuvé* (li e apruve) juu ya saini. Maana yake "nimesoma na nimekubali". Hayo si maneno ya adabu tu. Msiyaandike kama hamjasoma. Sentensi ya kujikinga ni hii, ikaririni mpaka itoke bila kufikiri: *Je ne signe pas ce que je ne comprends pas* (je ne siny pa se ke je ne kompra pa). Sisaini nisichokielewa. Semeni kisha mpigie ofisi simu, tuko tayari kusomewa herufi kwa herufi.

Na sili ya kontena: kule ni *plomb* (plo) au *scellé* (sele). Namba iliyoandikwa kwenye hati yao iwe ile ile iliyoko mlangoni. Isomeni pamoja, mbele yake. *Le plomb est intact* (le plo et antakt), sili haijaguswa. Hilo neno intact liandikwe.

Mwana wa Beni

Jambo bandugu. Miye ni mtu wa Beni, huku Kongo mashariki, nafanya kazi ya magari, na madereva wa Mombasa nawapokea sana. Nitajaribu kuandika Kiswahili chenu.

Dada amesema kweli tupu. Naongeza mafuta. Kwetu dizeli ni *mazout* (mazut), na wengine husema *gasoil* (gazwal). Petroli ni *essence* (esans). Hatari iko hapa: neno *pétrole* kwetu ni mafuta ya taa! Mtu wa Kenya anakuja na pikipiki au jenereta, anaomba "petroli", anauziwa ya taa na kidumu kimeshajaa. Kwa trela sema mazout, basi. Kujaza tangi lote ni *faites le plein* (fet le ple).

Fundi wa matairi tunamwita *quado* (kwado). Ukiuliza "kwado iko wapi?" hata mtoto atakuonyesha. Hilo silo la kitabuni, ni letu.

Namba pia. Programu za simu zinafundisha Kifaransa cha Ufaransa: 70 ni *soixante-dix*, 90 ni *quatre-vingt-dix*. Kwetu, na Burundi, tulifundishwa na Wabelgiji: 70 ni *septante* (septant), 90 ni *nonante* (nonant). Mtu akikutajia bei ya nonante, usifikiri ni tisa.

Na kwenye risiti, nukta inatenga maelfu. 25.000 FC ni faranga elfu ishirini na tano, si ishirini na tano. Dola tunapokea, lakini noti ikiwa na mpasuko hata mdogo hakuna atakayeishika. Utasikia *billet déchiré*. Pangeni noti safi kabla hamjatoka Mombasa.

Mzee wa Mazeras

Vijana, mnajisumbua. Nimeendesha njia hizo tangu magari hayana pawa stiringi na sikujifunza neno. Pesa ndiyo lugha ya barabara. Unatoa kidogo unapita.

Msafiri wa Miritini

Mzee wangu, heshima yako iko pale pale, lakini hapa siko nawe. Anayetoa kidogo leo, kesho anatajiwa zaidi, na dereva anayemfuata nyuma anarithi bei hiyo. Kuna malipo halali kule: kuna *péage* (peyaj), ushuru wa barabara, na kuna *amende* (amand), faini ya kosa la kweli. Hayo tulipe. Yasiyo halali tuyatambue kwa karatasi. Malipo ya serikali yana *quittance* (kitans), stakabadhi yenye namba na muhuri. Kipande cha daftari kilichoandikwa kwa kalamu si quittance hata kikiitwa *reçu*, risiti.

Kwa hiyo kabla ya kutoa mfukoni sema: *La quittance, s'il vous plaît* (la kitans sil vu ple). Kwa heshima, huku umetulia, injini umezima. Mara nyingi bei inashuka yenyewe, na mara nyingine unaambiwa *Allez-y* (alezi), nenda zako. Tajiri akikuuliza pesa zimekwenda wapi, una karatasi mkononi. Dereva asiye na karatasi huonekana mwizi hata kama alitoa jasho lake.

Dada wa Kleringi

Naunga mkono. Ofisini tunarudisha pesa ya kila kitu chenye quittance. Kisicho nayo, mikono yetu imefungwa.

Tangi la Eldoret

Mimi ni mtu wa Kisauni ila napakia Eldoret, kwa sababu mafuta yanafika huko kwa bomba. Nyie wa kontena mna raha. Sisi wa tanka tuna yetu: *citerne* (sitern) ni tanka, *pleine* imejaa, *vide* (vid) tupu. *Défense de fumer* (defans de fime), usivute sigara. Neno *défense* kwenye kibao ni katazo, si jeshi. Kuna dereva aliliona getini akageuza akidhani ameingia kambi. *Fuite* (fwit) ni kuvuja, na mtu akikupungia mkono huku akipiga kelele fwit, fwit, simama hapo hapo.

Gari la Ziara Diani

Naomba nafasi kidogo, ingawa sivuki mpaka. Nabeba watalii wa Kifaransa kutoka Diani kwenda Tsavo. Maneno gani ya haraka?

Msafiri wa Miritini

Karibu sana. Kwako mdomo ndio kazi, tofauti na sisi. *Attachez vos ceintures* (atashe vo santir), fungeni mikanda. *Restez dans la voiture* (reste dan la vwatir), msishuke garini. Hilo useme kabla hamjaingia lango la mbuga, si mbele ya simba. *On s'arrête dix minutes* (on saret di minit), tunasimama dakika kumi. Kama unataka kwenda mbali zaidi, Alliance Française wako hapa hapa Mombasa, na wanaanza na mtu asiyejua kitu.

Tena wewe mtu wa pwani una faida. Ile r ya Wafaransa inatoka kooni, karibu na gh yetu ya "ghali" na "lugha". Ijaribu hivyo watakuelewa mara moja. Kongo usijisumbue nayo, wengi wanaitamka kama yetu.

Utingo wa Jomvu

Mzee, gari ikiharibika? Dereva wangu ameniambia niulize hilo.

Msafiri wa Miritini

Swali zuri. *Je suis en panne* (je swi am pan), gari imeniharibikia. Halafu elekeza kwa kidole na utaje kimoja: *frein* (fre) breki, *embrayage* (ambreyaj) klachi, *boîte de vitesses* (bwat de vites) giaboksi, *courroie* (kurwa) mkanda wa feni, *pneu* (pne) tairi. *Ça chauffe* (sa shof), injini inachemka. *Roue de secours* (ru de sekur) ni spea tairi, jeki ni *cric* (krik). Brekidauni ni *dépanneuse* (depanez), na bei yake kubalianeni kabla ndoano haijagusa gari.

Breki zikikatika mteremkoni hakuna muda wa sentensi. Honi, taa, na kelele moja: *Freins!*

Ajali ikitokea, Mungu aepushe, wataandika *constat* (konsta), taarifa ya tukio, pamoja na *croquis* (kroki), mchoro wa magari yalivyokaa. Mchoro unauelewa bila lugha. Uangalie: gari yako iko upande wake kweli? Mshale wa mwendo unaelekea ulikotoka au ulikokuwa unaenda? *Blessé* (blese) ni majeruhi, *témoin* (temwa) shahidi. Omba *interprète* (anterpret), mkalimani, kabla ya kutia saini. Sentensi ya Dada wa Kleringi inatumika hapa kuliko mahali pengine popote.

Mwana wa Beni

Kitu kingine, kaka, saa. Sisi huku mashariki tuko saa moja nyuma ya Kenya na Uganda. Na ofisi zinaandika saa za 24. Mlango ukiandikwa *Fermé à 16h*, unafungwa saa kumi jioni ya kwetu, ambayo kwenye simu yenu ya Kenya ni saa kumi na moja. Wengi wanakata tamaa wanalala upande wa Uganda, kumbe saa moja nzima ilikuwa imebaki.

Utingo wa Jomvu

Na asubuhi je? Tukifika saa mbili ya Kenya?

Mwana wa Beni

Kwetu itakuwa saa moja, utakuta wanafagia. Kunywa chai kwanza. Na uangalie karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ikiwa na *jour férié* (jur ferye), ni sikukuu, hakuna kazi siku hiyo. Tarehe 30 Juni kwetu ni uhuru, na Burundi ni tarehe 1 Julai. Mzigo unaofika Kasindi jioni ya tarehe 29 Juni hautasogea kesho yake.

Dada wa Kleringi

Hilo la tarehe nimeliandika ukutani kwangu sasa hivi. Kuna gari linapakia wiki hii, nampigia dereva.